Amana Iliyomo Foleni

Katika itifaki ya barua pepe, yaani kanuni za mazungumzo ambazo kompyuta mbili huzifuata zinapokabidhiana ujumbe, ipo namba moja yenye uzito kuliko nyingine zote, nayo ni 250. Seva inayopokea barua huitamka namba hiyo baada ya kusoma nukta iliyosimama peke yake kwenye mstari, ambayo ndiyo dalili kwamba mtumaji amemaliza kusema. Na ikishaitamka, mtumaji ana haki ya kufuta nakala yake na kwenda zake, kwa kuwa kuanzia hapo barua si mzigo wake tena. Waraka wa RFC 5321 ulioandaliwa na John Klensin na kutolewa Oktoba 2008, ambao ni mjukuu wa RFC 821 iliyoandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982, unaieleza hali hiyo kwa lugha ya wajibu: seva iliyokubali barua imekubali pia ama kuifikisha, ama kumrudishia mtumaji taarifa kwamba imeshindikana, wala haina ruhusa ya kuipoteza kwa visingizio vyepesi kama vile mashine kuzimika au diski kujaa wakati ilijulikana kwamba ingejaa. Kwa Kiswahili, kitu kilichopokelewa kwa sharti la namna hiyo kina jina la siku nyingi, nalo ni amana.

Foleni ya barua ni mahali amana hizo zinapokaa baada ya kupokelewa na kabla ya kufikishwa. Jina lenyewe la foleni linaweza kumpotosha msomaji, kwa maana foleni ya benki au ya bombani ina mbele na nyuma, na aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuondoka. Ilhali foleni ya barua inafanana zaidi na stendi ya mabasi ya mikoani, ambako msafiri wa Tanga haondoki kwa kuwa alifika kabla ya msafiri wa Mbeya, bali kwa kuwa basi lake limejaa na barabara yake inapitika. Kila barua iliyomo ndani ina saa yake ya kujaribiwa tena, ina sababu yake ya kungoja, na ina siku ambayo subira yake itakwisha. Kuitazama foleni hiyo usiku na mchana, kujua ni ungojaji upi ulio wa kawaida na upi ulio wa hatari, kisha kuikabidhi kazi hiyo ya kutazama kwa programu ndogo isiyolala, ni ufundi ambao watumiaji wa barua pepe hawauoni, na hawauoni kwa sababu ukifanywa vizuri hakuna kinachotokea.

Mfano mzuri wa kuufahamu ufundi huu ni Postfix, programu ya kusafirisha barua ambayo Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa mtafiti katika maabara ya IBM nchini Marekani, aliitoa kwa umma mwishoni mwa mwaka 1998. Venema aliigawa foleni katika vyumba, na kila chumba ni saraka kwenye diski ambamo kila barua ni faili. Barua iliyotumwa na mtumiaji wa mashine yenyewe huangukia chumba cha kwanza. Iliyotoka nje hupitia chumba cha zinazoingia. Zinazoshughulikiwa sasa hivi hukaa katika chumba cha zilizo hai, ambacho kwa mpangilio wa kawaida hakipokei zaidi ya barua 20,000 ili kumbukumbu ya kompyuta isielemewe. Zilizoshindikana kwa muda huhamishiwa chumba cha zilizoahirishwa. Na zilizozuiliwa kwa amri ya msimamizi hukaa katika chumba chao, zikisubiri amri nyingine. Lililo muhimu kuliko mgawanyo huo ni kwamba Postfix haitamki 250 kabla haijaiandika barua kwenye diski na kuhakikishiwa kwamba imekaa humo kweli, si kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ahadi hutolewa baada ya kuwepo uwezo wa kuitimiza, jambo ambalo hata miongoni mwa binadamu si la kawaida.

Namna Postfix inavyongoja nayo ina hesabu yake. Seva ya upande wa pili ikijibu kwa namba inayoanza na 5, maana yake ni kwamba barua hiyo haitakubalika hata ikirudi kesho, kwa mfano kwa sababu anwani haipo, na mtumaji hupewa taarifa mara moja. Lakini ikijibu kwa namba inayoanza na 4, au isipojibu kabisa, maana yake ni kwamba mambo yanaweza kubadilika, na barua huahirishwa. Muda wa kungoja kabla ya kujaribu tena huanzia sekunde 300, huendelea kurefuka kadiri barua inavyozeeka, na hukomea sekunde 4,000, ambazo ni saa moja, dakika sita na sekunde 40. Baada ya siku tano, Postfix hukiri kwamba imeshindwa na kuirudisha. Kwa hiyo barua moja inayokwenda kwenye seva iliyozimika hubishiwa hodi mara zinazokaribia 100 kabla ya kukatiwa tamaa, na katika siku hizo zote aliyeituma anaweza kuwa anaamini kwamba imeshafika, kwa kuwa katika mpangilio wa kawaida Postfix haimtumii onyo lolote la ucheleweshaji. Hapa ndipo hitaji la mlinzi linapozaliwa. Barua iliyorudishwa hupiga kelele, na barua iliyofika hujibiwa, lakini barua inayongoja hainong'oni.

Kungoja si jambo geni katika historia ya mawasiliano ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuwapo kiungo cha moja kwa moja cha intaneti, barua pepe za Nairobi na Kampala zilikusanywa kwenye kompyuta moja na kusafirishwa kwa mkupuo kwa simu za kawaida, kwa utaratibu wa FidoNet, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 kwa misingi ya kuhifadhi kwanza na kupeleka baadaye. Waliokuwa wakiziendesha mashine hizo hawakuhitaji kuelezwa foleni ni nini, kwa sababu barua zote zilikuwa foleni mpaka simu ipigwe na laini ikubali. Kasi ya leo imeificha hali hiyo, lakini haijaiondoa.

Kwa muda mrefu mlinzi wa foleni alikuwa binadamu mwenye amri moja, mailq, iliyotokana na Sendmail, programu ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, iliyosambazwa pamoja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Programu zilizofuata, ikiwemo Exim ambayo Philip Hazel aliianza Cambridge mwaka 1995, zililibakiza jina hilo la amri kwa kuwa mikono ya wasimamizi ilikuwa imeshalizoea. Anayeiandika amri hiyo kwenye seva ya Postfix huona kila barua ikijieleza kwa mistari michache: kwanza utambulisho wake, ambao ni mfuatano wa herufi na tarakimu, na ambao hufuatwa na kinyota ikiwa barua iko katika chumba cha zilizo hai, au alama ya mshangao ikiwa imezuiliwa, kisha ukubwa wake kwa baiti, siku na saa ilipowasili, na anwani ya mtumaji, chini yake, ndani ya mabano, sababu ya mwisho iliyotolewa kwa kutopokelewa, na chini kabisa, ikiwa imesogezwa kuelekea kulia, anwani ya mpokeaji. Msimamizi mzoefu huusoma mstari wa mabano kabla ya mingine yote. Muunganisho umekataliwa, muda wa kuunganisha umekwisha, kikoa hakikupatikana, sanduku la mpokeaji limejaa: kila sababu ni mlango wa uchunguzi tofauti, na kuzichanganya ni sawa na tabibu anayetibu kila homa kwa dawa ya malaria.

Hata hivyo binadamu hulala, husafiri, na husahau, na zaidi ya hayo hutazama pale tu anapokuwa na shaka, ilhali foleni huharibika zaidi pale ambapo hakuna mwenye shaka. Ndiyo maana kazi ikahamishiwa kwa wakala. Neno hili lilitoka Kiarabu, na pwani ya Afrika Mashariki imelitumia kwa mtu anayesimama mahali fulani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kuwapo: wakala wa meli bandarini, wakala wa forodha, na katika miaka ya karibuni wakala wa fedha za simu aliyeketi kwenye kibanda chenye mwavuli. Wote hao wana sifa mbili zinazofanana, kwamba wako karibu na jambo lenyewe kuliko aliyewatuma, na kwamba mamlaka yao yana mipaka iliyoandikwa. Wakala wa ufuatiliaji katika kompyuta ni hivyo hivyo. Ni programu nyepesi inayokaa ndani ya seva ya barua, huulizwa maswali na seva kuu ya ufuatiliaji iliyo kwingine, na hujibu kwa namba au neno.

Miongoni mwa mifumo ya aina hiyo, Zabbix inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha jinsi kazi ya wakala inavyoweza kuwa ndogo na bado ikatosha. Alexei Vladishev wa Latvia aliianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuitoa kwa umma mwaka 2001, na kampuni iliyoundwa baadaye kuisimamia iko Riga. Wakala wake husikiliza maswali kwenye mlango wa mawasiliano namba 10050, na anajua mambo mengi ya kompyuta tangu anapowekwa, kama vile nafasi iliyobaki kwenye diski na mzigo ulio kwenye kichakataji. Swali la urefu wa foleni ya Postfix ni jambo ambalo msimamizi mwenyewe anaweza kumfundisha, na somo lenyewe ni mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio: upande wa kushoto jina la swali, upande wa kulia amri ya kuendeshwa ili jibu lipatikane. Baada ya hapo seva kuu inaweza kuuliza swali hilo kila dakika kwa mwaka mzima, na kila jibu likahifadhiwa, likachorwa kwenye grafu, likalinganishwa na la jana na la mwezi uliopita.

Ustadi wa fundi huonekana kwanza katika kiasi cha mamlaka anachompa wakala huyo. Saraka ya barua zilizoahirishwa haifunguki kwa mtumiaji wa kawaida wa mfumo, na fundi mwenye haraka hushawishika kumpa wakala uwezo wa mkuu wa mfumo mzima ili aingie na kuhesabu mafaili. Fundi mwenye subira hugundua kwamba haihitajiki hivyo, kwa sababu amri ya postqueue iliundwa makusudi ili mtu asiye na cheo chochote aweze kuomba orodha ya foleni na kusomewa kupitia dirishani, bila kuingia chumbani. Amri ya kufuta na kuzuia barua, postsuper, ni nyingine kabisa, nayo ni ya mkuu wa mfumo peke yake. Kutenganisha huku kati ya kuona na kugusa ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi aliyoyafanya Venema, na fundi anayeuheshimu utengano huo hujenga juu yake: wakala hupewa macho, hapewi mikono. Akija kudukuliwa siku moja, aliyemdukua atakuwa ameiba macho tu.

Swali linalofuata ni gumu zaidi, nalo ni lile la kumuuliza nini. Wengi humuuliza wakala idadi ya barua zilizomo, kwa kuwa idadi ni rahisi kuhesabika, kisha huweka kizingiti, yaani kiwango ambacho kikivukwa kengele hulia. Idadi peke yake, hata hivyo, ni shahidi asiyeaminika. Elimu ya foleni, ambayo Agner Krarup Erlang aliiwekea msingi mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu za Copenhagen, ina kanuni moja ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa vitu vilivyomo katika mfumo ni sawa na kasi ya kuwasili kwake ikizidishwa na wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Seva inayopokea barua 600 kwa dakika na kukaa na kila moja kwa dakika moja huwa na barua 600 ndani. Na seva inayopokea barua 60 kwa dakika na kukaa na kila moja kwa dakika kumi huwa nazo 600 vilevile. Kwa anayehesabu, seva hizo mbili ni mapacha. Kwa aliyetuma barua, moja inafanya kazi na nyingine inachelewesha, na hakuna namna ya kuijua ipi ni ipi bila kuuliza umri.

Tena foleni yenye afya si foleni tupu. Tangu mwaka 2003, Evan Harris alipoeleza mbinu ya kumkatalia kwa muda kila mtumaji asiyejulikana ili kumpima kama atarudi, kwa kuwa watumaji wa barua taka wa wakati huo mara nyingi hawakuwa na subira ya kurudi, seva nyingi huijibu barua halali kwa namba inayoanza na 4 na kuipokea dakika chache baadaye. Barua hizo hukaa katika chumba cha zilizoahirishwa kwa muda mfupi na kuondoka, na kengele inayolia kwa ajili yao inawasumbua watu bure. Kinachopaswa kuulizwa ni barua ya zamani kuliko zote ina umri gani, na ni ngapi zimevuka saa moja. Tangu toleo la 3.1 la Postfix lililotoka mwaka 2016, postqueue inaweza kutoa orodha katika muundo wa JSON, ambao husomeka kwa programu nyingine bila kubahatisha, na ndani yake kila barua imeandikiwa sekunde ya kuwasili kwake; ukiitoa sekunde hiyo kutoka sekunde ya sasa, umri unapatikana. Nayo qshape, chombo kinachokuja pamoja na Postfix, hupanga barua kwa vikoa, yaani majina yanayofuata alama ya @, na kwa marika ya dakika 5, 10, 20, 40 na kuendelea kwa kujirudufu mpaka 1,280 na zaidi, kiasi kwamba jedwali lake husomeka kama sensa ya kijiji: wapi kuna watoto wengi, na wapi wamebaki wazee tu.

Sensa hiyo hutofautisha maradhi ambayo idadi ingeyachanganya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano inayopita baharini kando ya Afrika ya Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huo. Katika siku ya namna hiyo, seva iliyoko Dar es Salaam huendelea kupeleka barua za ofisi jirani kupitia vituo vya kubadilishana mawasiliano vilivyomo nchini, huku barua za vikoa vya ng'ambo zikizeeka kwa pamoja, safu baada ya safu, zikihama kutoka rika la dakika 5 hadi la 40 hadi la 320 bila hata moja kubaki nyuma. Hakuna aliyekosea ndani ya seva, na hakuna cha kurekebisha isipokuwa kungoja, kuangalia nafasi ya diski, na pengine kurefusha zile siku tano ili barua zisije zikarudishwa wakati mafundi wa mkongo bado wako baharini.

Maradhi ya pili yana sura iliyo kinyume. Mfanyakazi mmoja ametoa nywila yake kwenye ukurasa wa ulaghai, na usiku wa manane foleni inapanda kwa maelfu ndani ya robo saa, barua zote zikiwa changa, zote zimetoka anwani moja, na zinakwenda kwenye vikoa mia tofauti ambavyo ofisi hiyo haijawahi kuviandikia. Nyuma yake yanafuatia marejesho, ambayo kwenye orodha huonekana yametumwa na MAILER-DAEMON, jina ambalo seva hujipa inapoandika kwa niaba yake yenyewe. Hapa umri hausemi kitu, na kasi ya kupanda ndiyo inayosema yote. Fundi aliyemfundisha wakala wake swali moja tu ataukosa ugonjwa mmoja kati ya hayo mawili, na bahati mbaya utakuwa ule unaoifanya seva nzima ikataliwe na nyingine duniani kwa siku kadhaa.

Lipo jambo lingine ambalo huwatenganisha mafundi kuliko yote yaliyotangulia, nalo linahusu maneno mawili ya Kiswahili ambayo hakuna mtoto anayeyachanganya: hakuna, na sijui. Amri ya kuhesabu barua kwa kawaida hutungwa kwa kuunganisha amri mbili, ya kwanza ikitoa orodha na ya pili ikihesabu mistari. Ya kwanza ikishindwa kwa sababu yoyote, haitoi mstari hata mmoja. Ya pili, isiyojua kilichotokea, huhesabu mistari isiyokuwapo na kujibu sifuri. Na wakala humpelekea mkubwa wake sifuri hiyo kwa uaminifu wote. Grafu hunyooka chini kabisa, rangi hubaki ya kijani, na seva isiyopeleka barua yoyote huonekana kuwa seva safi kuliko zote. Anayeijua hatari hii huandika amri yake kwa namna ambayo kushindwa hutoa jibu lake lenyewe, tofauti na sifuri, kisha huiagiza seva kuu ipige kengele pia pale ambapo jibu limekosekana kwa dakika kadhaa mfululizo, kwa maana wakala aliyenyamaza ni habari nzito kuliko wakala aliyeleta namba kubwa.

Mtego wa pili umefichika zaidi. Ili kuiorodhesha foleni, Postfix hulazimika kufungua faili la kila barua iliyomo, kazi isiyochukua muda wowote foleni ikiwa na barua 20, lakini ambayo kwenye diski iliyochoka, foleni ikiwa na barua 50,000, inaweza kuchukua muda mrefu. Wakala wa Zabbix, kwa mpangilio uliozoeleka, hulisubiri jibu la amri kwa sekunde 3 tu. Matokeo yake ni kwamba swali hujibika vizuri siku zote za amani na hushindwa kujibika siku ile ile ya maafa. Dawa yake ni kuitenga kazi ya kuhesabu na kazi ya kujibu: hesabu ifanywe pembeni kwa ratiba yake, matokeo na saa yake yaandikwe kwenye faili dogo, na wakala alisome faili hilo na kuripoti pia ni la dakika ngapi zilizopita. Ni mabadiliko ya mistari mitano au sita, na huenda hakuna atakayeyaona kamwe, lakini ndani yake mna uelewa wote wa kazi hii.

Kuhusu kengele yenyewe yapo machache ya kusema. Kizingiti kikiwa chini mno, kengele hulia kila siku na watu hujifunza kuizima bila kuisoma, na hasara hiyo hairekebishiki kwa kuongeza sauti. Kikiwa juu mno, hulia baada ya wateja kuwa wameshapiga simu. Fundi mzuri huiacha seva ijieleze kwa wiki kadhaa kabla ya kuiwekea mipaka, huweka kiwango cha kuwasha kengele mbali na kiwango cha kuizima, ili isiwake na kuzimika mfululizo barua ya zamani inapozunguka mpakani, na hudai hali idumu kwa muda kabla ya mtu kuamshwa. Zaidi ya yote, haitumi kengele ya foleni ya barua kwa barua pepe inayopita katika foleni hiyo hiyo. Onyo la namna hiyo huzaliwa, hupewa utambulisho, huandikwa kwenye diski kwa uangalifu ule ule wa barua nyingine, na hukaa foleni nyuma ya ajali liliyokuja kuieleza. Kengele ya barua inapaswa kupita njia nyingine, iwe ujumbe mfupi wa simu au seva ya barua iliyo mahali pengine kabisa.

Kuna wanaotaka wakala afanye zaidi ya kuona: azifute mwenyewe barua zilizozidi, au aisukume foleni ijaribiwe yote kwa mara moja kila inaporefuka. Tamaa hiyo inaeleweka, lakini inasahau kwamba kilichomo ndani ni mali ya watu. Kuisukuma foleni ndefu kwa nguvu huwarudisha mlangoni kwa pamoja wabisha hodi wote ambao seva za wengine zimeshawaambia warudi baadaye, na mara nyingi huleta makatazo makali zaidi. Kufuta ni kubaya kuliko hivyo, kwa sababu katikati ya barua taka 30,000 za nywila iliyoibwa inaweza kuwamo barua moja ya mtu anayeomba kazi, au majibu ya vipimo vya mgonjwa, ambayo seva ilishaitamkia 250. Postfix imetoa njia ya kati: barua za mtumaji anayeshukiwa zinaweza kuhamishiwa chumba cha zilizozuiliwa, ambako hazisogei wala hazipotei, mpaka binadamu azipitie kwa macho na kuziachia zilizo halali. Kama ipo hatua inayoweza kukabidhiwa mashine, ni hiyo ya kuzuia, kwa kuwa kesho yake inaweza kutenguliwa.

Mkongo uliokatika baharini ukishaungwa na njia za nje kufunguka, fundi huifungua grafu ya umri na kuiangalia. Idadi huanza kushuka kwa kishindo, kisha kwa utaratibu, lakini umri wa barua ya zamani kuliko zote huendelea kupanda kwa mstari ulionyooka, sekunde kwa sekunde, kwa muda mrefu baada ya nyingine kuondoka, kwa kuwa barua hiyo ilikuwa imeshafikia kungoja sekunde 4,000 na zamu yake haijawadia. Zamu inapowadia, mstari huanguka wima. Kwenye kumbukumbu za matukio huandikwa utambulisho wa barua, anwani ya mpokeaji, ucheleweshaji wa sekunde, tuseme, 263,817, ambazo ni siku tatu, saa moja, dakika 16 na sekunde 57, na mwishoni kabisa, ndani ya mabano, jibu la seva ya upande wa pili linaloanza na 250. Mstari unaofuata una utambulisho ule ule na neno moja tu, kwamba faili limeondolewa.